Fundi friji aliyenirudishia hela yangu na nyongeza juu, nampa nyota nne

Huyu fundi wa mafriji na mafeni yupo mtaani kwetu huku Tabata, jina lake sitaji na mtanielewa kwanini. Miaka miwili iliyopita friji langu liligoma kugandisha nikampelekea, akaniambia mama kompresa, ile mota inayosukuma gesi, imekufa hapa ni kuweka mpya, akanichaji 180,000 nikalipa kwa mbinde mana ndo ilikua hela ya ada ya mtoto. Friji likapona nikasahau.

Sasa mwezi uliopita jioni nipo nje nachambua mchicha namuona huyo anakuja, shikamoo mama, marahaba, hakutaka hata kukaa. Akasema mama mimi nilikudanganya, kompresa yako ilikua nzima, kilichoungua ni rilei tu kidude cha bei ndogo sana, nikabadilisha hicho hela nyingine nikala. Akatoa bahasha mikono inatetemeka kabisa, nimehesabu mbele yake nikakuta 216,000. Nikamwambia umezidisha, akasema hapana mama hiyo 36,000 ni moja ya tano, nimesoma kwenye Biblia kitabu cha Hesabu sura ya 5, aliyemdhulumu mtu anaungama, analipa yote afu anaongeza sehemu ya tano juu. Nilikaa kimya mchicha mkononi sikujua niseme nini.

Mimi nimezaliwa kanisani, neno toba nimelisikia tangu sijaota meno, lakini kwakweli nilikua naelewa ni kupiga magoti, kulia, Mungu nisamehe, basi kesho tunaendelea. Bibi yangu wa Bukoba alikua mtu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa makanisani ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaja mpaka Buhaya, alikua anatuhadithia watu wakiokoka walikua wanabeba jembe walilomwibia jirani wanamrudishia mchana kweupe watu wanaona, mtu anataja alichofanya kwa jina lake. Tulikua tunaona ni hadithi za wazee. Kumbe ndo maana yenyewe ya neno, kwenye Kiebrania toba ni kurudi, yani ulikua unaenda huku unageuka unarudi ulikotoka, na kwenye Kigiriki cha Agano Jipya ni kugeuza nia. Machozi yanaweza kuwepo au yasiwepo.

Jirani yangu aliposikia akasema huyo mwizi tu, kashtakiwa na dhamiri, hela hata Yuda alirudisha. Hilo lilinisumbua siku mbili nzima sababu ni kweli, Yuda alijuta, akakiri mbele ya makuhani, akarudisha vile vipande 30 vya fedha alivyolipwa kumsaliti Yesu, afu akaenda kujinyonga. Petro naye alimkana Bwana mara tatu akalia kwa uchungu ila yeye alirudi kwa Yesu mwenyewe. Mimi naona tofauti ipo hapo, Yuda alirudisha hela lakini yeye mwenyewe hakurudi. Na Zakayo yule mtoza ushuru ukimsoma vizuri kwenye Luka 19, Yesu alisema leo nakuja kushinda kwako KABLA Zakayo hajaahidi kulipa mara nne, kwahiyo kulipa kwake hakukununua msamaha, alishapokelewa ndo mkono ukafunguka. Nilimuuliza fundi kama anafanya hivi ili Mungu amsamehe, akanijibu mama alishanisamehe ndo mana nimeweza kuja, nisingethubutu.

Kwa hiyo jirani namheshimu ila kwa hili simuungi mkono.

Haya turudi kwenye kazi yake maana mnataka kujua kama mpeleke vitu vyenu. Juzi nimempelekea friji la dada yangu halipoozi, amepima mbele yangu, akanionyesha bomba lilipokua linavujisha gesi kwa kupaka povu la sabuni mpaka mapovu yakachemka pale, akaziba akajaza gesi, na bei alitaja kabla hajashika spana. Spea ya zamani anakuwekea kwenye mfuko unaondoka nayo, risiti anaandika kwa mkono, hii zamani haikuwepo kabisa. Nyota moja nimemnyima kwa kuchelewa, alisema siku mbili zikawa tano na simu hapokei akiwa kazini, banda lenyewe dogo mvua ikinyesha unalowa ukisubiri.

Nasikia bado kuna wateja anawatafuta, kuna mmoja kahamia Morogoro anapanga kwenda, na kuna wawili waliomfukuza mlangoni wakamtukana, bahasha zao anazo bado kwenye kopo kaziandika majina. Nilimuuliza utafanyaje nazo akasema nitarudi tena mama, wana haki ya kukasirika.

Jumapili hafungui. Feni langu linapiga kelele, Jumatatu nampelekea.