Tamsulosini, dawa ya tezi dume, baada ya miezi mitano: maoni ya dereva mstaafu

Nimeendesha basi la Dar–Arusha miaka 27. Abiria akiomba kuchimba dawa tukishavuka Wami, nilikuwa namwambia avumilie mpaka Segera. Wazee ndio walioomba sana, nami nikiwaona wasumbufu. Sasa nina miaka 68 na nimewaelewa wote.

Usiku nilikuwa naamka mara tano. Nasimama chooni kama niko foleni ya mizani, mkojo unakuja kidogo, unakatika, unaanza tena. Nikishafunga suruali, matone bado yanashuka. Jirani akanipeleka kwa muuza unga wa mizizi, kopo 40,000. Nilimaliza makopo mawili. Kilichopungua ni hela.

Ndipo nikaenda hospitali. Kile kipimo cha kidole njia ya haja kubwa, wanaume wenzangu wanachokikimbia, kilichukua muda mfupi kuliko trafiki kukagua leseni. Nikapimwa na damu, ile PSA ya kuangalia tezi dume, na mkojo, na altrasaundi. Daktari akasema tezi dume imekua kwa umri, hakuona dalili ya saratani. Akaniandikia tamsulosini ya miligramu 0.4, kapsuli moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo uleule, na isitafunwe wala kufunguliwa. Dawa hii haisinyazi tezi. Inalegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu ili njia ipitike. Ya kusinyaza ni nyingine, finasteridi, na hiyo inataka miezi.

Siku ya nne niliona tofauti, na sasa naamka mara mbili. Chai ya jioni nimeacha mwenyewe.

Kasoro zipo. Asubuhi ya pili niliruka kitandani kama zamani, kichwa kikazunguka nikashika kabati. Siku hizi nakaa kwanza ukingoni, halafu nasimama. Jingine, samahani wenye aibu: kwenye tendo la ndoa manii yalikuwa hayatoki. Raha ipo palepale, ila sikuwa nimeambiwa, nikahangaika wiki nzima na mama watoto akinicheka. Daktari alikuja kunieleza kwamba ni dawa, haina madhara. Akaongeza kwamba nikipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho nimtajie daktari wa macho, maana dawa hii hulegeza ile sehemu ya jicho yenye rangi na kumsumbua mpasuaji.

Tena mwangalie dawa za mafua. Nilimeza moja ya kuzibua pua, usiku ule mkojo ukagoma karibu kabisa. Zile zenye sudoefedrini zinabana palepale tamsulosini inapolegeza. Ukigoma kabisa na tumbo likajaa, usingoje asubuhi. Ni hospitali ukawekewe mpira wa kutoa mkojo.

Nanunua kapsuli 30 kwa 24,000, na bei inatofautiana duka hadi duka. Karatasi ya maelezo ni Kiingereza kitupu, maandishi ya sisimizi. Na binti wa duka nililoanzia alipaza sauti mbele ya watu: "Babu, ni ile ya tezi dume?" Nimehama duka.

Dawa naipa nyota nne. Juzi nilipanda basi kwenda msibani Moshi, nimekaa dirishani kama abiria wengine. Dereva, kijana mdogo, aliposimama Segera nilishuka kununua machungwa.