Mbizi za kwanza kisha kupata kadi: kituo moja ya Nungwi, kwa sisi watu wa Goma

Hii kituo ya kuzamia baharini, pale Nungwi, kaskazini ya Unguja (Zanzibar), naipa nyota ine juu ya tano, na ile moja yenye nilinyima nitasema ilienda wapi. Siko naongelea kosi ya Open Water yenyewe, ile ya kwanza yenye kukupa kadi ya kuzamia, hiyo nilimalizaka mbele, na kosi inafanana karibu kila fasi, vitabu, piscine, mitihani, basi. Niko naongelea kile kinafuataka: wanakupa kadi, moniteri, ule mwalimu wako, anakuaga, na siku inayofuata unalipa na unapanda boti sawa na watu wenye kuwa na miaka kumi mu hii mambo, wakati wewe roho inakudunda bado. Hapo njo kituo inajionyesha kama inajua kazi ao inajua kupokea feza tu.

Mbele ya kufika kwao nilipita ku kituo ingine pale pale Nungwi. Kijana wa mapokezi akaangalia kadi yangu mara moya, akaniambia kesho bahari ni nzuri tunaenda Leven Bank, lipa sasa. Leven Bank ni kilima ya chini ya bahari kati ya Unguja na Pemba, mukondo wa maji ni nguvu sana, samaki wakubwa wanapita, na kila mutu mwenye kuijua anasema ni ya wazoefu. Kadi yangu inaruhusu mita 18 na mbizi zangu zote nilikuwa nimefanya na moniteri pembeni. Hakuniuliza hata mara ya mwisho niliingia mu maji ni lini! Nikasema asante kaka, nikaenda zangu.

Hawa wengine sasa. Kiongozi wao, kijana wa pale pale kaskazini, alinikalisha chini akafungua kitabu yangu ya mbizi akasoma kila ukurasa, kisha akaanza maswali: dada unaishi wapi, masikio inakusumbuaka, unatumia dawa gani, unarudi kwenu lini na kwa njia gani. Mimi nilifikiri ni kupiga story tu, kumbe kila swali lilikuwa na kazi yake. Na yote kwa Kiswahili, mimi nilisoma vitabu kwa Kifaransa, na kuelezwa mambo ya presha mu lugha yenye unaotea ndoto ni kitu ingine kabisa, hapo njo niliuliza maswali yote yenye niliogopaka kuuliza.

Asubuhi ya kwanza hawakunipeleka mbali. Walinishusha mu maji kidogo, kwenye muchanga, juu ya kupima mukaba wa mazito. Maji ya chumvi inakunyanyua kuliko ya ziwa yetu Kivu, na hii nguo ya mpira inaelea yenyewe, kwa hiyo unaongezewa vipande vya risasi, ile chuma ya mazito, kidogo kidogo mpaka ukisimama bila kuogelea, jileti (ile unajazaka hewa juu ya kuelea) haina hewa, pumzi umeshika, maji inafika ku macho. Watu wanaona ni kupoteza wakati. Mimi nasema ni ile saa moya njo ilifanya mbizi zote zenye zilifuata ziwe tamu, juu mutu mwenye kubeba mazito mingi anapigana na maji, anachoka, na hewa inaisha mbio.

Na hewa ya mutu mupya inaishaka mbio, hiyo mujue. Ukienda mita 10 presha inakuwa mara mbili ya juu, ukifika mita 20 ni mara tatu, na kila pumzi unavuta inakula chupa kwa kipimo hicho hicho. Ongeza woga na miguu yenye kupiga piga bila sababu. Kile nilipenda ni vile walipanga: wapya tulikuwa kikundi yetu kidogo na kiongozi wetu, wazoefu na wa kwao, kwa hiyo hakuna mutu alikatishwa mbizi yake juu yangu na mimi sikuwa na haya ya kuonyesha manometa, ile saa ya kupima hewa yenye inabakia mu chupa. Tuliingia na bar 200 (bar njo kipimo ya presha ya chupa), tulipatana nikifika 100 namuonyesha, na bar 50 tukiwa tumesharudi juu. Njiani anauliza kila mara kwa vidole, haangalie uso wako, anataka namba.

Kwa vidole pia kuna kitu, sisi huku tukitaka kusema niko bien tunainua kidole gumba. Mu maji hiyo ni "tupande juu". Alitukumbusha ku boti mara tatu na bado mwenzetu mumoja aliinua gumba kwa furaha juu ya kasa mukubwa, kiongozi akaanza kumupandisha polepole. Sikumulaumu hata, kazi yake ni kuamini ile ishara.

Kisha njo wakatupeleka Mnemba. Ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini mashariki ya Unguja, mwamba unaizunguka, ni fasi ya hifadhi na kuna feza ya hifadhi unalipa juu ya bei. Ukiweka yote, mbizi mbili na boti, inapita dola 100, si kidogo kwa mutu wa Goma, nasema wazi. Lakini eh! Mimi mu maisha yangu nilijuaka sambaza na tilapia, na zote mu sahani. Pale niliona pono wakitafuna matumbawe mpaka unasikia ile kelele ya meno, mukunga ametoa kichwa mu tundu, taa amelala mu muchanga, kasa anapita karibu nasi bila kujali. Rangi nyekundu inapotea haraka ukishuka, vyote vinakuwa bluu na majivu, kiongozi akawasha tochi juu ya jiwe moya na ile jiwe ikawa nyekundu ya moto. Nililia ndani ya maski, naisema bila haya.

Tukirudi tulisimama mita 5 dakika tatu, vile inapaswa, hata kama mbizi haikuwa ya kina. Hakuna mutu aliruka.

Sasa ile swali ya "unarudi lini na kwa njia gani", wandugu wa Goma na Bukavu, soma hapa vizuri. Ukipiga mbizi, azote, gazi ya mu hewa tunavuta, inaingia mu mwili, na inahitaji wakati ya kutoka; ukipanda juu mbele itoke, inaweza kufanya povu mu damu. Kisha mbizi za kurudia rudia, ushauri wa kawaida ni kungoja masaa 18 mbele ya kupanda ndege. Watu wengi wanahesabu ndege tu. Lakini sisi tunaishi karibu mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka Kigali kuya Gisenyi barabara inapita mita 2,000 kabisa, yaani ukishuka ndege kupanda kwako hakujaisha. Yeye aliangalia tiketi yangu ya Dar mpaka Kigali akakataa mbizi ya siku ya mwisho. Feza ya ile mbizi nilikuwa nimelipa, aliirudisha yote, akaniambia pumzika dada, tembea Mji Mkongwe. Mimi kituo yenye inarudisha feza juu ya damu yangu, naitafuta tena.

Na wale wote wenye kuniuliza Goma "utazamia Kivu lini?", jibu ni bado. Kivu iko juu, mita 18 ya kwetu mwili unaihesabu kama mita 21 na zaidi ya baharini, inaomba kosi yake ya maji ya milimani. Ile gazi ya metani na ya kaboni yenye watu wanaogopa iko chini sana, inaanza kuwa mingi kupita mita 250, pale hakuna mutu wa burudani anafika. Mimi naogopa zaidi mazuku ku pwani, fasi ile gazi inalala chini na mutu anaanguka mbele hata ya kugusa maji. Na ukipata shida ya azote, Unguja kuna chumba ya presha yenye wanatibiaka hiyo shida. Huku kwetu utakimbilia wapi?

Nyota yenye nilinyima: komputa ya mukononi, ile yenye kukuhesabia kina, wakati na azote, haiko mu bei. Kiongozi anavaa yake, wewe unapewa manometa na kipima kina tu, ukitaka komputa unaongeza feza. Mupya njo mwenye kuihitaji zaidi, waiweke ndani ya bei hata kama bei itapanda kidogo. Jileti nazo, kwa mwanamuke mufupi zinapanda mpaka ku masikio, niliomba ndogo, walipata siku ya pili.

Ukitaka kwenda, epuka mwezi wa tatu mpaka wa tano juu ya mvua ya masika. Ile fomu ya afya ijaze ukiwa bado Goma, juu ukijibu "ndiyo" fasi moya tu, pumu ao masikio ao moyo, wanataka sahihi ya dokta, na kutafuta dokta Nungwi asubuhi boti ikingoja ni shida.