"Tuangalizie umeme tu, dada": uzoefu wangu na mafundi wa kanzidata

"Dada, wewe tuangalizie umeme tu. Mambo ya kanzidata tuachie sisi."

Niliambiwa maneno hayo ndani ya chumba cha seva ambacho ufunguo wake ninao mimi, mbele ya meneja wangu na vijana wawili wa kaunta. Nimekaa nayo wiki kadhaa nikidhani yatapoa. Hayajapoa, kwa hiyo naandika tathmini hii ya kampuni yao.

Mimi ni afisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo hapa Dodoma mjini. Wanachama wetu wengi ni wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, wengine wafanyabiashara wa alizeti, wengine mama lishe. Kampuni ninayoilalamikia iko Dar es Salaam na jina lake silitaji. Tuna mkataba nayo wa miaka kadhaa wa kuuangalia mfumo wetu: matengenezo, masasisho, na kuongeza vifaa inapobidi. Tunalipa kila mwaka, na hatujawahi kuchelewesha hata senti.

Mfumo wenyewe unatumia MariaDB, programu ya kanzidata inayotunza hesabu zetu, na Galera, inayoziunganisha seva zibaki na data ileile. Seva mbili zinaandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, na pembeni kuna kompyuta ndogo ambayo haihifadhi data, kazi yake ni kupiga kura tu. Tunamwita mwamuzi. Bila yeye, waya ukikatika kati ya seva mbili kila moja inabaki na nusu ya kura, na Galera haikubali nusu, inataka zaidi ya nusu. Zote mbili zinasimama hata kama ni nzima. Kwa hiyo chama kiliponunua seva ya tatu ili isaidie msimu wa mavuno, nilifurahi kweli. Mwamuzi angepumzika, tungekuwa na seva tatu kamili.

Mafundi walikuja na treni ya asubuhi, wawili. Mmoja mkubwa wao, mwingine kijana mkimya aliyebeba begi la vifaa. Seva ilitangulia kwa lori ikiwa imeshaandaliwa hukohuko Dar. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nikawawashia jenereta, nikawatafutia chai. Nikauliza swali moja tu.

"Hii mpya mmeiwekea MariaDB toleo gani?"

"La kisasa," mkubwa akasema bila kuinua kichwa.

Nikamwambia za kwetu ni 10.3, lile lililokuja na Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa seva zetu. Nikachungulia kwenye skrini yake: alikuwa ameweka Ubuntu 22.04, na hiyo ukiiachia ijichagulie inakuletea 10.6. Nikamwambia katikati hapo kuna 10.4 na 10.5, na kwamba kuanzia 10.4 hata Galera yenyewe imehama kutoka ya 3 kwenda ya 4, hivyo tusiruke ngazi zote kwa mkupuo mmoja huku wanachama wako dirishani. Nilisema kwa adabu. Nilimwita kaka.

Ndipo akanijibu kuhusu umeme. Meneja akacheka kidogo, nadhani kwa aibu. Vijana wa kaunta wakaangalia chini.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu najua kuna wenzangu kwenye SACCOS na halmashauri huko mikoani watakutana nacho.

Seva ngeni inapoingia kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, haina kitu. Inaomba nakala nzima ya data kutoka kwa mwenzake mmoja, na huyo anayetoa anaitwa mfadhili. Usipoielekeza vingine, MariaDB huhamisha nakala hiyo kwa njia ya rsync, programu ya kunakili mafaili, na kwa njia hiyo mfadhili hazuiwi kusoma ila anafungiwa kuandika mpaka nakala iishe. Usipomtaja mfadhili kwenye faili la usanidi, klasta inajichagulia yenyewe. Yeye hakumtaja. Klasta ikachagua seva ya kwanza, ileile ambayo kaunta zetu zote zimeunganishwa nayo.

Kanzidata yetu ina gigabaiti kama 180, maana picha za vitambulisho na fomu za mikopo zimo humohumo. Dakika thelathini na kitu. Kwa dakika hizo zote mtu akifika dirishani anaona salio lake, lakini kutoa hela hawezi.

Nakala ikaisha, seva mpya ikajaribu kuwaka, ikagoma. Mkubwa akaiwasha tena. Ikaomba nakala nzima upya, ikafunga kaunta upya. Dakika thelathini na kitu nyingine. Ikagoma. Akaiwasha mara ya tatu.

Hakusoma logi, yale maelezo ambayo mashine inajiandikia kuhusu kilichotokea. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko hata yale maneno, au pengine vinauma sawa. Logi ilikuwa wazi kwenye skrini ya pembeni na mimi nimesimama naisoma: kumbukumbu za miamala zimeandikwa na 10.3, na toleo jipya haliwezi kupandisha data ambayo haikuzimwa vizuri. Ni kweli haikuzimwa vizuri, kwa sababu ilinakiliwa kutoka kwenye seva inayofanya kazi. Ungeiwasha mara mia ingekujibu hivyohivyo mara mia. Nikasema, "Kaka, jibu liko hapa." Akaniinulia kiganja kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara.

Dirishani foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ulikuwa msimu wa mavuno ya zabibu, na zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Vibarua wanalipwa siku hiyohiyo au kesho hawaji. Mzee mmoja kutoka Hombolo alikuwa amekaa kwenye benchi tangu tunafungua. Nilipopita akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa upole kabisa, kisha akauliza kama hela yake imepotea. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, haijapotea." Akasema vibarua wanane wanamsubiri shambani. Alirudia mara mbili, wanane. Sikuwa na la kumjibu, na mwenye kustahili kumjibu alikuwa chumba cha pili akiwasha mashine ileile mara ya tatu.

Nilidhani hapo ndipo pabaya pa mwisho. Baada ya kushindwa mara ya tatu, mkubwa akamgeukia meneja na pendekezo: seva zetu mbili zinazofanya kazi zisasishwe zote sasa hivi, mchana kweupe, kutoka 10.3 moja kwa moja hadi 10.6, "zilingane na mpya". Yaani mgeni amekataa chakula cha nyumbani, basi tubomoe jiko.

Meneja akaniambia, "Waachie wataalamu wamalize."

Nikasimama mlangoni. Nikasema bakapu ya mwisho ni ya jana usiku. Miamala ya asubuhi ya leo haimo. Mkipandisha zote kwa pamoja na ikiharibika, hakuna seva ya kurudia, na nani atawaeleza wanachama hela walizoweka leo ziko wapi? Nikasema pia nyaraka za MariaDB zinaelekeza klasta ipandishwe toleo moja baada ya jingine, seva moja baada ya nyingine, nyingine zikiendelea kuhudumia. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini nilisema yote. Meneja akanyamaza kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi tusubiri tufunge." Namshukuru kwa hilo, ingawa lile "waachie wataalamu" sijalisahau.

Seva mpya ikazimwa, kaunta zikaamka, mzee wa Hombolo akaondoka na hela yake mchana jua likiwa kali.

Jioni mkubwa akaenda hotelini. Kijana akabaki. Mlango ulipofungwa akasema, "Shikamoo dada. Naomba unioneshe ile logi uliyokuwa unaisoma." Akaisoma yote, tena akarudia pale aliposhindwa kuelewa, akaniuliza. Kisha akasema, "Tufute hii tuanze upya." Nikaona hapa nina fundi.

Tukafuta seva mpya yote. Tukaweka Ubuntu 20.04 na MariaDB 10.3, ileile mpaka namba ya mwisho, tukilinganisha herufi kwa herufi na za kwenye seva ya pili. Tukaacha rsync tukatumia mariabackup, programu ya MariaDB yenyewe ya kuchukua nakala, ambayo inanakili huku mfadhili akiendelea kuandika. Tuliiweka pande zote mbili, tukatengeneza na mtumiaji wake mwenye ruhusa zinazohitajika. Kwenye usanidi tukamtaja mfadhili kwa jina: seva ya pili, siyo ya kaunta. Ukuta wa moto, yaani kizuizi cha mawasiliano ya mtandao, tukaukagua, maana Galera inahitaji milango ya mtandao ya 4567, 4568 na 4444 iwe wazi kati ya seva zenyewe kando ya 3306 ya kawaida, na kweli 4568 tulikuta imefungwa. Asubuhi yote hakuna aliyeigusa.

Saa saba usiku tukawasha. Upepo wa Dodoma unajua wenyewe namna unavyopiga mabati usiku, kila kishindo mimi nadhani jenereta limezima. Nakala ikaenda, ikaisha, seva ikawaka. Tukauliza ukubwa wa klasta, ikajibu 4. Kijana akashtuka. Nikamweleza kwamba mwamuzi naye huhesabiwa. Tukamzima mwamuzi, ikabaki 3. Tukaandika muamala wa majaribio kwenye seva ya kwanza, tukausoma kwenye ya tatu papo hapo. Mwisho tukafunga toleo kwa amri ya apt-mark hold kwenye seva zote tatu, ili sasisho lisije likajiingiza lenyewe usiku fulani tukiwa tumelala.

Nilirudi nyumbani alfajiri nikiwa na furaha ambayo sijaipata kazini muda mrefu. Usiku huo kama mngeniuliza kuhusu kampuni hii ningewapa nyota nne, kwa sababu ya kijana mmoja.

Na nimpe mkubwa haki yake. Toleo letu ni la zamani. 10.3 iliacha kupata masahihisho ya usalama kutoka kwa waundaji wake mwaka 2023, na kukaa nalo na hela za watu siyo jambo la kujivunia. Aliposema tusasishe hakukosea kwamba inahitajika. Alikosea saa, alikosea njia, alikosea kuruka ngazi. Nilipofika hapo nilianza kulainika, nikajiambia huenda nilikuwa mkali mno, mtu ametoka Dar alfajiri, amechoka, mashine inamgomea mbele ya wateja.

Halafu nikakaa nikafikiri: kusasisha ni kazi ya nani? Mkataba nimeufungua tena. Neno "masasisho" limo, ukurasa wa pili, na tumelilipia kila mwaka. Miaka yote hiyo hawajapandisha hata ngazi moja, hawajatuandikia hata barua kwamba toleo linaelekea kuisha. Barua za kukumbusha nimeandika mimi, mara mbili, na majibu yake yote ni "tumepokea". Kwa hiyo uzembe aliokuwa ananionesha siku ile kwenye skrini, eti tuko nyuma, ni wa kwao. Na juu yake nikaambiwa niangalie umeme.

Wiki iliyofuata ikaja ankara. Kuna kipengele cha "kazi ya ziada usiku". Wametutoza usiku ambao kijana wao na mimi tulikuwa tunarekebisha kosa la asubuhi la mkubwa wao. Mimi wa kwangu sikulipwa wala sikuudai. Nimemwandikia meneja kipengele hicho kisilipwe, na safari hii ameandika "naafiki" kwa mkono wake.

Nyota nne nimezifuta. Nimeweka moja, na hiyo moja isomwe kwamba ni ya kijana. Ukiwa na kampuni ya namna hii, kabla hawajachomeka waya uliza toleo la seva mpya, uliza mfadhili ni nani, uliza njia ya nakala ni ipi, na majibu yaandikwe. Wakikuambia uangalie umeme, wewe kaa na ufunguo.

Kupanda kwenda 10.4 tumepanga baada ya mavuno, seva moja moja, usiku, tukianza na majaribio kwenye nakala iliyo pembeni. Nimeomba kwa barua kazi hiyo aje kuifanya yule kijana, na mkubwa wake asije. Mpaka leo hawajanijibu.