Spea za Toyota ndogo: zipi ununue jenuini, zipi mtumba, zipi za bei nafuu

Ukishuka Gerezani, Dar es Salaam, na IST, Vitz au Probox yako, spea utaipata tu. Kazi ni kuchagua, maana kifaa kimoja kinaweza kuwa na bei nne kwenye kaunta moja, na fundi uliyekwenda naye huenda ana duka lake analolipigia debe. Hivi ndivyo ninavyozipanga mimi, kwa gari zenye injini ya 1NZ au 2NZ.

1. Boksi la kampuni inayoitengenezea Toyota

Toyota haitengenezi kila kilichomo ndani ya gari lake. Denso wanatengeneza plagi na sensa, Aisin wota pampu na klachi, Advics breki, KYB shokapu. Kampuni hizo zinauza pia kwenye maboksi yao wenyewe, na mara nyingi bei inashuka kwa sababu nembo ya Toyota haipo. Kwa spea nyingi za kuchakaa, anzia hapa.

Shida ni feki, na feki wanaiga zaidi majina yanayouzika. Kwa plagi za iridiamu, fungua boksi palepale dukani. Ncha ya katikati ya Denso Iridium Power ina unene wa milimita 0.4, nyembamba kama sindano. Boksi la Iridium Power likitoa plagi yenye ncha nene, rudisha. Kwa pedi za breki, uliza namba ya Toyota inayolingana. Pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na viatu vya breki za ngoma 04495. Tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani piga picha kibati cha namba ya chesesi kilicho chini ya boneti. NCP60 na NCP61 zote ni IST, lakini injini zake si moja, na muuzaji mwenye haraka atakupa ya jirani.

2. Mtumba wa Japani

Wengi wanaudharau, nami nauweka juu ya jenuini (mpya yenye boksi la Toyota) kwa baadhi ya vitu: taa, vioo vya pembeni, bampa, milango, swichi za madirisha, hata injini na gia boksi. Taa ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani inakaa kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Taa mpya ya bei rahisi fundi ataipiga patasi, na mvua ya kwanza itaingiza maji.

Injini ifungue mfuniko wa oili na umulike ndani. Rangi ya dhahabu iliyofifia haina neno. Tope jeusi lililoganda, achana nayo hata ikipunguzwa bei.

Pedi, bolijointi na beringi za mtumba usinunue kabisa. Shokapu za mtumba zinauzwa sana, lakini hujui zimebakiza nini.

3. Jenuini yenye boksi la Toyota

Ni bora, ila kwa gari la umri huu si kila kitu kinastahili bei hiyo. Toa hela kwa gasketi ya silinda hedi, oili sili, themostati na filta ya oili. Filta haina bei kubwa, na tofauti utaisikia: ndani yake kuna mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Mpira ukiwa mbovu, asubuhi injini inawaka kwa kugongagonga mpaka oili ipande.

4. Za bei nafuu zisizo na jina

Waipa, balbu, vizuia matope, kapeti, sawa. Kuna za Kichina na za Taiwan zinazodumu vizuri, na wenye teksi wanazijua kwa jina; waulize. Lakini popote ufundi unapogharimu kuliko kifaa, usibane. Klachi ya bei ya kutupa ikifa, gia boksi inashushwa tena na fundi analipwa tena.

Mwisho, risiti iandikwe jina la kifaa, namba yake na siku za kurudisha. Wauzaji wengi wa mtumba wanakubali siku chache za majaribio ukiomba kabla ya kulipa; ukishaondoka ni ngumu. Na spea ya zamani usiiache gereji: nenda nayo dukani, mlinganishe matundu, urefu na plagi ya waya juu ya kaunta.