Darasa la miguu kwa wenye kisukari: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya pili. Kwa miaka kadhaa, elimu yote niliyopewa kuhusu miguu ilikuwa "na miguu uitunze", tena nikiwa nimeshashika kitasa cha mlango. Kwa hiyo nilipoandikishwa kwenye darasa la kutunza miguu, nilienda shingo upande.

Hakukuwa na hotuba. Tuliambiwa tuvue viatu na soksi. Muuguzi akachukua uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda ukifikia mgandamizo wa gramu 10, akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nikiguswa. Ndiyo. Ndiyo. Kisha kimya. Nikadhani amehamia kwa mwingine, kumbe alikuwa bado anagusa chini ya dole gumba langu la kulia! Hapo somo likaniingia bila maelezo: mguu wenye ganzi haulalamiki, hivyo kijiwe kikiwa ndani ya kiatu kinaweza kukuchimba tangu asubuhi hadi jioni, na kidonda ukakikuta kwenye soksi yenye damu.

Baada ya kipimo hicho, masharti mengine hayakuwa na haja ya kukaririwa. Unapima maji kwa kiwiko kwa kuwa wayo hauaminiki tena. Unaingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Mafuta unapaka juu na chini ya mguu, ila katikati ya vidole unapakausha tu, maana unyevu hulea fangasi. Kucha zinakatwa kwa kunyooka. Sugu hazichongwi kwa wembe wala kubandikwa dawa za kuziunguza.

Kilichonifurahisha zaidi ni kipimo cha nyumbani kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, ambacho mume wangu alikijua papo hapo. Unagusa kwa wepesi ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza. Anayepimwa asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, aende akachunguzwe.

Sasa kasoro. Mzee aliyekaa karibu nami hawezi kuinama, na macho yake yameshaathiriwa na kisukari. Alipouliza atajikaguaje, akajibiwa atumie kioo. Kioo, kwa mtu asiyeona vizuri! Picha za miguu iliyokatwa nazo zilizidi. Mimi naona mtu akitishwa sana huficha kidonda.

Kubwa kuliko yote ni lile lililosemwa dakika za mwisho, watu wakifunga kamba za viatu: mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wenye joto kuliko mwenzake, wahi hospitali hata kama hauumi na hauna kidonda, kwa sababu mifupa yake inaweza kuwa inavunjika ndani kwa ndani. Hilo lilistahili kutangulia. Tena hakuna kikao cha marudio, na maarifa ya namna hii hufifia upesi.

Bado napendekeza darasa hili, hasa kwa ambaye nyayo zake hazijawahi kupimwa. Nenda na mtu unayeishi naye, na uvae viatu unavyoshindia kila siku, si vile vya kutokea, kwa kuwa wanavikagua hadi ndani.