Maski na kofia ya kuzamia: uzoefu wangu kwenye vizimba vya ngege, Kisumu

Kazi yangu ni kukagua nyavu za vizimba vya kufugia ngege (samaki aina ya tilapia) Ziwa Victoria. Nazama na mtungi wa hewa, napapasa wavu, nikipata tundu nashona. Maji ya Ghuba ya Winam ni ya tope. Siku nyingine nikinyoosha mkono sioni vidole. Vijana huniuliza maski ya nini basi. Ni ya pua kwanza. Maji yakiingia puani ghafla pumzi inakatika, unapapatika, na kupapatika kando ya wavu ndiko kunakoua. Pia nikisogeza geji ya hewa hadi iguse kioo, naisoma.

Nimenunua maski ya vioo viwili, ukingo wa silikoni nyeusi, na kofia ya neopreni (mpira laini wa sponji) ya unene wa milimita 3. Maski imenifaa sana. Kioo kimeandikwa TEMPERED. Kisicho na alama hiyo usikichukue, kikivunjika ni vipande vikali mbele ya macho. Kabla ya kulipa niliiweka usoni bila mkanda, nikavuta pumzi kidogo kwa pua, nikaachia mkono. Ikabaki pale pale. Mwenye masharubu mazito ajaribu kwa makini zaidi, maana maji hupitia hapo. Nyumbani niliisugua kioo kwa dawa ya meno ya kawaida, si ya jeli, kuondoa utando wa kiwandani. Bila hivyo ukungu haukuachi.

Miwani ya kuogelea tafadhali iacheni ufukweni Dunga kwa wanaocheza majini. Pua ikiwa nje huwezi kupuliza hewa ndani kusawazisha shinikizo, na ukishuka macho yanavilia damu.

Kofia ndiyo iliyonisumbua. Maji ya ziwa ni kama nyuzi 25, yanaonekana ya joto, lakini maji huondoa joto mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo kazi ndefu inatetemesha. Kofia inasaidia, na inakinga kichwa na ncha za waya. Ila muuzaji alinitumia saizi ndogo, na kubadilisha akakataa. Shingo ikibanwa, mishipa mikubwa ya damu inagandamizwa, moyo unapunguza mapigo na mtu anaweza kuzimia. Hiyo sikuingia nayo majini hata mara moja, nikanunua nyingine. Pimeni shingo kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kuagiza.

Hata inayotosha ina utaratibu wake. Ukingo wa maski ukae juu ya ngozi pande zote. Neopreni ikiingia chini yake, hata kidogo tu pale kwenye paji, maski inavuja. Mkanda naupitisha chini ya kofia, ili wavu ukiunasa maski isiondoke. Nikishaingia majini navuta kofia pembeni ya masikio maji yaingie, la sivyo sikio linaziba na kusawazisha kunashindikana.

Kofia haizuii kichocho. Kinapenya ngozi yoyote iliyo wazi, kwa hiyo vipimo na dawa viko pale pale. Na jedwali za kuzamia za baharini, zile zinazoonyesha muda salama wa kukaa kila kina, msizitumie hapa zilivyo: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na marekebisho huanza kuhitajika kuanzia kama mita 300.

Maski naipa 5 kati ya 5. Kofia 3, na zote mbili zivaeni pamoja dukani kabla hamjatoa pesa.