TAHADHARI: Msinunue risela ya hosti ya "lipa mara moja, tumia milele"

Wadau wa Kigoma, hasa vijana wa Mwanga na Ujiji mnaotengenezea watu tovuti, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram akiuza akaunti za risela za hosti, yaani nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni. Unalipa mara moja, anakuahidi nafasi isiyo na kikomo na wateja wasio na kikomo, milele. Msimtumie hela.

Kwa asiyeijua biashara hii: risela ananunua sehemu ya seva (kompyuta inayobeba tovuti) kwa jumla, anaigawa, halafu anawauzia wateja kwa jina lake mwenyewe. Ni biashara halali, na hapa kwetu wateja wapo: gesti, shule binafsi, mawakala wa mizigo bandarini. Shida ni hesabu. Seva inalipiwa kila mwezi, na cPanel, wenye paneli ya kuendeshea akaunti za hosti, tangu 2019 wanatoza kulingana na idadi ya akaunti. Sasa aliyekupa akaunti bila kikomo kwa malipo ya mara moja, mwezi ujao atalipia na nini? Hela ya atakayeingia baada yako. Wapya wakikauka, anazima. Au leseni yenyewe ya cPanel ni ya wizi, na ikigundulika paneli inafungwa.

Nimekaa na kijana mmoja pale Mwanga aliyenunua kwake, akimtafuta huyu bwana. Meseji tiki moja, simu haipatikani, kwenye grupu ameshatolewa. Huku mwenye gesti anapiga: wageni wanasema barua pepe za kubuku vyumba zinawarudia. Mwenye gesti hamjui tapeli, anamjua kijana ambaye yeye alimlipa, na ndiye anayemdai. Inauma, maana kijana anayeanza, jina lake mjini ndiyo mtaji wake wote. Na bekapu? Zilikuwa kwenye seva ile ile.

Domeini, yaani jina la tovuti, ndiyo balaa zaidi. Anakwambia domeini nakupa bure, kumbe anaisajili kwenye akaunti yake. Tovuti utaijenga upya. Domeini huihamishi bila msimbo wa uhamisho, na msimbo anao yeye. Wakati huo mteja ameshaichora kwenye kibao cha barabarani na kuichapa kwenye risiti. Domeini ya .co.tz isajili mwenyewe kwa msajili anayetambuliwa, kwa jina la mteja, na barua pepe ya usajili isiwe ya domeini hiyo hiyo, maana tovuti ikizimwa na barua pepe imekwenda nayo.

Kabla ya kumlipa yeyote, mwombe anwani ya IP ya seva, iandike kwenye verify.cpanel.net uone kama ina leseni. Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Akikubali, bado lipia mwezi mmoja kwanza, fungua tovuti ya majaribio, na umtumie swali usiku uone kama anajibu.

Walioshalizwa, msifute meseji za muamala wala mazungumzo. Nendeni polisi mchukue RB, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na meseji zake za utapeli zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na kama umenunua kwake na paneli yako bado inafunguka, pakua mafaili, hifadhidata na barua pepe za wateja leo hii, kabla hujamuuliza chochote.